Taa haili umeme: maongezi na wanafunzi wa klabu ya fizikia

(Haya ni maongezi niliyofanya na wanafunzi wa sekondari moja. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyaongea, kwaiyo mnisamehe kwa lugha ya saiti.)

Walimu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi? Haya, kaeni. Nyie wa nyuma sogeeni huku mbele, maana hii balbu ni ndogo ya tochi tu, ukikaa kule mwisho utaona mwanga basi, ninachofanya kwa mikono hutakiona.

Mi ni fundi umeme, kazi yangu wairingi za majumbani na madukani. Mwalimu wenu kaniomba nije niongelee misingi ya umeme na sakiti, na nimekaa nikawaza nianzie wapi maana madaftari yenu yameshajaa fomula, V sawa na I mara R, yaani volti ni mkondo mara ukinzani, mnaijua hata usingizini. Nikaona nisiwaongezee fomula. Nina kitu kimoja tu nataka mkielewe leo, na mkishakielewa hicho, vitu vingi mnavyoviona nyumbani vitaeleweka vyenyewe.

Angalieni hapa mezani. Betri mbili za redio, zile kubwa, kila moja volti 1.5, nimezipanga kichwa kwa mkia kwaiyo jumla volti 3. Balbu ya tochi. Swichi. Alafu nimeazima ammita mbili za maabara yenu, vile vipimo vya mkondo wa umeme, moja nimeifunga kabla ya balbu, nyingine baada ya balbu. Sasa kabla sijawasha, swali: ammita ya kwanza ikisoma ampea 0.3, hii ya pili itasoma ngapi? Wanaosema itasoma pungufu, mikono juu. Eeh, mmejaa. Wanaosema itasoma zaidi? Hamna. Wanaosema sawasawa? Naona wachache, tena wengine mkono nusu, wanamwangalia mwalimu kwanza.

Haya nawasha. Ya kwanza 0.3. Dada wewe hapo mbele tusomee ya pili, soma kwa sauti. Umesikika? 0.3. Na msije mkasema ammita ni mbovu, nazibadilisha, ya huku naipeleka huku, nawasha tena, tusomee. 0.3 na 0.3.

Ndo hicho sasa nilichokuja nacho. Mkondo hauliwi na taa. Kinachotoka upande mmoja wa betri ndo hichohicho kinachorudi upande wa pili, hakipungui. Na mkinyoosha mikono vile siwashangai hata kidogo, maana mtaani tunasema "friji linakula umeme", "pasi inakula umeme", kwaiyo kichwani mtu ameshajenga picha kwamba umeme unaingia kwenye kifaa, unatafunwa, kinachobaki ndo kinaendelea mbele.

Sasa kama mkondo hauliwi, taa inawaka kwa nini? Chukulia cheni ya baiskeli. Unakanyaga pedeli, cheni inazunguka, tairi la nyuma linaenda. Kuna pingili hata moja ya cheni iliyoliwa na tairi? Hamna. Pingili zote zimerudi kwenye pedeli vilevile zilivyotoka. Kilichohama ni nguvu ya mguu wako, imetoka kwenye pedeli imefika kwenye tairi, cheni ilikuwa inaibeba tu. Betri ndo mguu, elektroni, yaani zile chembe ndogo za umeme zilizomo ndani ya waya, ndo cheni, balbu ndo tairi. Kinachobaki kwenye balbu ni nishati, inageuka mwanga na joto, elektroni zenyewe zinapita zinarudi. Mfano wa maji kwenye bomba ambao mnao madaftarini mi siupendi sana, maana bomba likikatika maji yanamwagika, ila waya ukikatika hamna umeme unaomwagika chini, kila kitu kinasimama palepale kama cheni iliyokatika.

Na cheni inajibu swali lingine ambalo huwa naulizwa sana na watoto wa nyumbani. Ukibonyeza swichi mbona taa inawaka saa ileile, ina maana elektroni zina mbio hivyo? Hazina. Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba, pitisha ampea moja, elektroni zinasogea kama sehemu saba za mia za milimita kwa sekunde. Hiyo ni kama sentimita 26 kwa saa nzima, konokono anazipita. Ila waya hauko mtupu unasubiri elektroni zije kutoka mbali, umeshajaa elektroni tangu unatoka kiwandani, ukibonyeza swichi zote zinaanza kusogea karibu kwa pamoja. Na huu umeme wa majumbani ndo kabisa, unageuza mwelekeo, kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwaiyo elektroni zinatikisika palepale tu. Umeme wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji unaingia gridi, unawasha taa hapa darasani, lakini elektroni za hii taa hazijawahi kufika Rufiji hata siku moja.

Twende kwenye ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo, tunaupima kwa omu. Balbu yetu, volti 3, ampea 0.3, gawanya, omu 10. Huyo Ohm mnayemwandika kila siku, Georg Ohm, alikuwa mtoto wa fundi makufuli huko Ujerumani, na alipokuwa anafanya majaribio yake alikuwa mwalimu wa sekondari, anafundisha hesabu na fizikia mjini Köln. Betri za wakati ule zilikuwa zinachokachoka katikati ya jaribio, leo zinasoma hivi kesho vile, maana betri yenyewe ilikuwa kitu kipya, Volta kaitangaza mwaka 1800 tu. Ohm akaachana nazo, akaunganisha vipande vya metali mbili tofauti, upande mmoja kwenye maji yanayochemka upande mwingine kwenye barafu, ikampa volteji ndogo lakini iliyotulia, ndo akapata vipimo vya kuaminika. Kitabu chake kikatoka 1827 na wasomi wengi wa kwao hawakukijali, heshima ilimfikia baadaye sana.

Naongeza balbu ya pili, iliyo sawa na hii, naifunga kwa mfululizo, yaani cheni ni ileile moja inapita kwenye balbu zote mbili. Mnaona? Zote mbili zimefifia. Ammita zote mbili zimeshuka kwa pamoja, bado zinasoma sawa. Sasa fanyeni hesabu ya daftari: omu 10 na omu 10 ni 20, volti 3 gawanya kwa 20, tupate 0.15. Tusomee ammita. Karibu 0.2. Mbona imezidi? Hapa ndo napenda, maana wanafunzi wengi wakiona namba haijakubali wanaibadilisha kwenye ripoti ili ifanane na ya kitabu, na mwalimu asipoangalia vizuri anawapa vema. Namba iko sahihi. Uzi wa balbu ukipoa ukinzani wake unapungua, na hizi balbu zimefifia, zimepoa, haziko omu 10 tena. Zile balbu za kizamani za wati 100, ikiwa inawaka ina omu kama 529, ikiwa imezima baridi haifiki hata 50. Ndo maana nyingi zilikuwa zinaungulia palepale unapobonyeza swichi, kwa sababu sekunde ile ya kwanza uzi bado wa baridi, mkondo unaoingia ni mkubwa kuliko wa kawaida mara nyingi tu.

Sasa nazifunga sambamba. Kila balbu ina njia yake kutoka betri na kurudi betri. Zote zinawaka vizuri kama ile ya mwanzo, na ammita iliyo karibu na betri inasoma 0.6. Hapa pana jambo huwa linawasumbua: nimeongeza kizuizi, mbona mkondo umeongezeka? Kwa sababu sijaongeza kizuizi kwenye njia ileile, nimefungua njia nyingine. Njia zikiongezeka ukinzani wa jumla unapungua, hapa umekuwa omu 5. Na pale njia zinapogawanyika, 0.6 inaingia, 0.3 huku na 0.3 kule, zikikutana tena ni 0.6. Sheria hiyo ina jina la Kirchhoff, na aliitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi wa chuo, ana miaka 21. Na ukiiangalia vizuri inasema kitu kilekile cha mwanzo, mkondo haupotei njiani.

Nyumba yako yote imefungwa sambamba. Taa, friji, tivii, kila kimoja kinapata volti 230 zake, ukizima taa ya sebuleni friji halijui. Lakini kila unachochomeka ni njia mpya, na mkondo wa njia zote unapita kwenye waya mmoja unaotoka kwenye mita. Na hapa sasa tuongee ekstensheni, maana kazi nyingi ninazoitiwa za harufu ya kuungua zinatokana na ekstensheni.

Hebu tuhesabu moja. Jagi la kuchemshia maji la wati 2000, gawanya kwa 230, ampea 8.7. Ekstensheni ya mita 20 yenye waya wa milimita 0.75 za mraba, wembamba huu mnaouona hapa. Mkondo unaenda mita 20 na kurudi mita 20, jumla mita 40 za shaba, ukinzani wake unakuja kama omu 0.9. Mtu anasema omu 0.9 ni nini bwana. Joto kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, 8.7 mara 8.7 mara 0.9, unapata kama wati 68. Kwaiyo mle ndani ya waya umewasha balbu ya kizamani ya wati 60 na zaidi kidogo. Ukiwa umeutandaza sakafuni joto linatawanyika, unausikia vuguvugu tu. Ukiwa umeuacha umeviringwa kwenye gurudumu lake au umeufunga fundo nyuma ya meza, joto lote linakaa pamoja, plastiki inalainika, laivu, ule waya unaoleta umeme, na nyutro, ule unaourudisha, zinakaribiana. Alafu mama akachomeka pasi ya wati 1000 hapohapo. Mkondo sasa ampea 13, umeongezeka mara moja na nusu, ila joto limekuwa zaidi ya mara mbili, wati 150 na ushee, kwa sababu mkondo unajizidisha wenyewe. Nyumbani leo nendeni mkashike waya wa ekstensheni, nje ya plastiki ambayo ni nzima lakini, ukiusikia wa moto mwambie mzazi apunguze vitu.

Laivu ikigusana na nyutro hiyo ndo shoti. Ukinzani umebaki wa waya tu, tuseme nusu omu, 230 gawanya kwa nusu, ampea 460. Fyuzi au sakiti breka inatakiwa ikate kabla waya haujawaka. Kuna watu fyuzi ikiungua wanafungia kipande cha waya wa kawaida pale, "ili umeme urudi haraka". Umerudi kweli, ila sasa kitu kitakachokatika kwanza ni nyumba.

Na swichi lazima ikae kwenye laivu. Fundi akiiweka kwenye nyutro taa itawaka na itazima vizuri tu, mteja hatajua, mpaka siku ya kubadilisha balbu, kazima swichi, anapanda stuli, kumbe holda bado ina umeme. Kwa wairingi za saivi laivu ni kahawia, nyutro bluu, erthi, ule waya unaoenda ardhini, kijani yenye mstari wa njano, za zamani ni nyekundu, nyeusi na kijani. Lakini rangi usiiamini, pima.

Sasa kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi yangu. Kinaitwa RCD, kinakaa pale kwenye boksi la sakiti breka, kina kitufe kidogo cha kujaribia. Ndani yake kuna pete, na laivu na nyutro zote mbili zinapita katikati ya ile pete. Mkondo unaenda kwa laivu unarudi kwa nyutro, kiasi kilekile, kwaiyo sumaku zake zinafutana, pete haioni kitu. Hata uwashe jagi, pasi na friji kwa pamoja, pete imetulia. Alafu mtoto akashika waya wa laivu akiwa peku. Kiasi fulani cha mkondo kinapita mwilini mwake kinaingia ardhini, hakirudi kwa nyutro. Kilichotoka na kilichorudi vimetofautiana, pete imehisi, inakata umeme kabla sekunde haijaisha, na tofauti ya miliampea 30 tu, yaani ampea 0.03, inatosha. Mtu mwenye ngozi iliyolowa anaweza kuwa na ukinzani kama omu 1000, volti 230 zinapitisha miliampea 230, wakati miliampea 100 kupita kifuani zinatosha kuvuruga moyo. Sakiti breka ya kawaida ya ampea 16 haikusaidii hapo, kwake miliampea 230 ni mzigo mdogo sana.

Mmeona kifaa kinategemea nini? Kama taa ingekuwa inakula mkondo, kinachorudi kingekuwa pungufu kila ukiwasha taa, na hiki kifaa kingekuwa kinakata umeme kutwa nzima.

Maswali. Eeh, wewe.

Anauliza, kama mkondo wote unarudi, kwanini tununue umeme? Swali zuri sana hilo, na wazazi wenu wangelipenda. Hununui elektroni, unanunua nishati. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja, yaani jouli 3,600,000. Pasi ya wati 1000 ikikaa imewaka saa nzima bila kujizima, uniti moja imeenda. Jagi la wati 2000 kwa dakika tano ni moja ya sita ya uniti. Taa ya LED ya wati 9 inakaa saa 111 ndo imalize uniti moja. Kwaiyo kumfokea mdogo wako aliyesahau taa wakati wewe unapiga pasi nguo moja moja kila asubuhi, sijui nani anamfilisi nani.

Mwingine. Kwanini nguzo kubwa zina volti nyingi vile? Ni ileile hesabu ya ekstensheni. Njia ya kutoka Rufiji kwenda Chalinze ni kilovolti 400. Ukitaka kupeleka megawati 100, tusahau mambo ya fezi tatu kidogo, kwa kilovolti 400 unahitaji ampea 250. Kwa volti 230 ungehitaji zaidi ya ampea 430,000, na joto linaenda kwa mkondo mara mkondo, hakuna waya wa kubeba hiyo. Unapandisha volti kwa transfoma kule, unashusha kwa transfoma huku mtaani, njiani mkondo unabaki mdogo.

Na kunguru kwenye waya? Miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, kati ya mguu na mguu hamna tofauti ya volti ya maana, kwaiyo hamna cha kuusukuma mkondo upite mwilini. Akigusa waya mbili kwa pamoja, au waya na chuma cha nguzo, amekwisha, na popo wanakufa sana hivyo kwa sababu ya mabawa. We uko chini ukichokonoa huo waya na fito mbichi la kuangushia embe, mguu wako uko ardhini, usijifananishe na kunguru.

La mwisho, mtu akinaswa na umeme ufanye nini. Usimshike. Kimbilia meni swichi, zima. Kama huijui meni swichi ya kwenu iko wapi, hilo ndo la kuuliza leo ukifika nyumbani. Ikishindikana kuzima na ni umeme wa ndani, simama juu ya kitu kikavu, msukume na ufagio wa mti mkavu. Ukiwa ni waya wa nguzo umeanguka usisogee kabisa, zuia na wengine, pigeni simu.

Vitu vyangu nawaachia hapa mezani mpaka saa tisa, mwalimu karuhusu. Njooni wanne wanne. Fungeni balbu tatu, mbili sambamba, ya tatu ikae kwa mfululizo na hizo mbili, alafu kabla hamjawasha swichi kila mtu aandike ipi itawaka zaidi na akichomoa moja kati ya zile mbili za sambamba, zilizobaki zitafanyaje. Mwenye jibu aje anieleze kwanini, niko pale chini ya mwembe nakunywa chai na walimu.